Nakala Mama Ilipohamia Karakanani

Kwa miaka mingi niliamini, kama walivyoamini wenzangu wote, kwamba ukweli wa kazi yetu unakaa Nairobi. Huko ndiko waliko mainjinia, ndiko zinakofunguliwa tenda, ndiko bosi anakopokea wageni. Sisi wa Eldoret tulikuwa mikono tu. Michoro ilitoka huko, bati likakatwa huku. Ikiwa kitu hakikukaa sawa, lawama ilikuwa na anwani moja, na anwani hiyo haikuwa Nairobi.

Mimi ni mchoraji wa dakti. Ukiwa hospitalini chini ya dari ya chumba cha upasuaji, au nyuma ya jiko la hoteli kubwa, juu yako kuna njia za bati zenye pembe nne zinazoleta hewa safi na kutoa iliyochoka. Hizo ndizo dakti. Hazitengenezwi kwa kukisia. Kila kipande, kiwe kona, tii au kile cha kupunguza upana, huchorwa kwenye kompyuta, mchoro ukakunjuliwa hadi ukawa bapa, ukapelekwa kwenye meza ya plasma inayokata bati la futi 4 kwa 8. Baada ya hapo mafundi hukunja, hushona na kufunga flenji.

Karakana yetu iko hapa Eldoret, ofisi za usanifu ziko Nairobi na Kisumu. Jina la kampuni nitaliacha. Mpangilio huu si wa ajabu. Mji huu ulizoea viwanda vya nguo, mbao na maziwa kabla haujatawazwa kuwa jiji Agosti 2024, na fundi wa bati hakosi kazi mahali penye boila na mashine za kukaushia. Ardhi nayo ilikuwa nafuu kuliko Nairobi. Kwa hiyo bati likaja huku, mainjinia wakabaki huko, na katikati pakawa na hifadhidata.

Watu wakisikia hifadhidata hudhani ni orodha ya bei. Yetu ilibeba zaidi ya hayo. Ndani yake kila kipande kina unene wa bati kulingana na upana wake, milimita za kuachia mshono, aina ya flenji, idadi ya bolti, uzito, dakika za fundi, na bei. Ukigusa tarakimu moja, umegusa mchoro wa Nairobi, bei aliyopewa mteja wa Kisumu, na bati litakalokatwa Eldoret kesho asubuhi.

Tulivyokuwa tukigawana hifadhidata hiyo, msomaji wa leo atacheka. Ilikuwa folda moja nene yenye maelfu ya faili ndogondogo. Ijumaa jioni kijana wa ofisi ya Nairobi aliinakili kwenye diski, akaitia katika bahasha ya kaki, akamkabidhi konda wa basi la usiku. Jumamosi asubuhi bodaboda aliichukua stejini. Lakini usicheke sana. Kwa umbali wa kilomita 310 hivi, basi lile liliishinda intaneti yetu kwa mwendo, na nauli ya bahasha ilikuwa nafuu kuliko kifurushi chochote cha data.

Taabu ilikuwa kwamba bahasha haikuwa na safari ya kurudi. Wiki nzima mafundi walirekebisha tarakimu kufuatana na walichokiona kwenye bati, Jumamosi diski mpya ikaja ikafuta kila walichorekebisha. Wakachoka. Wakachukua bati bovu, wakalitundika ukutani karibu na mashine ya kukunja, wakawa wanaandika marekebisho yao hapo kwa kalamu ya wino mzito: mshono ongeza milimita mbili, kona ya inchi kadhaa usiamini mchoro, flenji ya Kisumu uliza kwanza. Mgeni akiingia alidhani ni uchafu. Hiyo ndiyo ilikuwa hifadhidata ya kweli ya kampuni, na hakuna aliyekuwa Nairobi aliyewahi kuisoma.

Tarehe 6 Aprili 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kusitishwa kwa safari za kuingia na kutoka Nairobi na viunga vyake kwa sababu ya korona. Mabasi yakasimama. Malori ya mizigo yaliruhusiwa, lakini jaribu kumshawishi dereva wa lori la saruji, aliyekwisha kusimamishwa na polisi kwenye vizuizi chungu nzima, kwamba bahasha yako ni bidhaa muhimu. Wakati huohuo hospitali ndizo zilizokuwa na haraka kuliko wateja wote, maana kila moja ilitaka wodi za kutengea wagonjwa, na wodi ya kutenga haifanyi kazi bila dakti za kuvuta hewa nje.

Tukaingia kwenye mtandao kwa lazima. Fundi wa kompyuta akatufungulia VPN, tukawa tunafungua folda ya seva ya Nairobi moja kwa moja kutoka Eldoret. Ilifanya kazi, kwa maana kwamba ukibonyeza programu ifunguke, ulikuwa na muda wa kwenda kuchemsha chai, kuinywa, na kurudi ukaikuta bado inafikiri. Bosi akanunua kifurushi kikubwa zaidi. Hakuna kilichobadilika. Akanunua kingine. Bado.

Nilikaa nikapiga hesabu, na hesabu hiyo ndiyo iliyoniamsha, kwa hiyo niiweke hapa. Chukua faili 5,000. Kabla faili haijafunguka, programu huiuliza seva maswali: ipo? Naruhusiwa? Ina ukubwa gani? Haya, nipe. Sema ni maswali 4. Ndani ya ofisi moja, swali na jibu lake huchukua nusu milisekunde. Jumla yake sekunde 10. Kati ya Eldoret na Nairobi, sema milisekunde 15 kwenda na kurudi. Jumla yake sekunde 300, yaani dakika 5, kwa kufungua tu, kabla hujachora hata mstari. Hakukuwa na mzigo mzito uliokuwa ukisubiriwa. Kilichosubiriwa ni majibu. Ukipanua barabara hujaleta Nairobi karibu, na pesa za bosi zilikuwa zikinunua upana.

Injinia mmoja wa Nairobi, mtu mwepesi wa kujaribu vitu, akaja na huduma ya kulandanisha faili. Kila ofisi ikawa na folda yake kamili kwenye kompyuta za hapohapo, na ukibadilisha kitu kwako, kinajipeleka chenyewe kwa wengine. Mwendo ukarudi. Tukafurahi sana.

Lakini huduma za namna hiyo zina tabia ambayo hatukuambiwa. Faili ikiwa kwenye seva moja, ukiifungua wewe inafungwa kwa mwenzako, ataambiwa asubiri. Zikiwa nakala tatu katika miji mitatu, kufuli halisafiri. Mimi nafungua yangu, wewe unafungua yako, wote tunahifadhi, na aliyehifadhi mwisho ndiye anayebaki. Hata DFS ya Microsoft, ambayo makampuni makubwa huitumia kunakili folda kati ya seva za miji tofauti, inafuata kanuni hiyohiyo ya aliyeandika mwisho. Huduma nyingine zina adabu kidogo: zinaacha faili ya pili pembeni na kuiandika kwamba ina mgongano. Baada ya miezi michache folda yetu ilijaa migongano, na hakuna aliyethubutu kuifuta kwa kuwa hakuna aliyejua ipi ndiyo sahihi.

Hospitali moja ya upande wa Kisumu ndiyo iliyolipia elimu hiyo. Ofisi ya Kisumu ilichora mfumo mzima kwa flenji ya milimita 20. Kati ya kuchora na kukata, mtu mwingine alihifadhi jedwali la flenji akiwa anashughulikia kazi yake, na jedwali lake lilikuwa na milimita 30. Eldoret ikakata kwa 30. Vipande vilipofika vilikuwa vizuri kabisa, vimenyooka, vinang'aa, na havikuweza kufungana na vile vilivyokuwa vimekwisha kupandishwa darini wiki iliyotangulia. Mashimo ya kona hayakukutana. Lori likarudi Eldoret na shehena yake, kupanda mlima wote ule, na mafundi wakaishusha bila kusema neno.

Ilitafutwa shingo ya kutundikia kosa, kama ilivyo desturi ya maofisi. Haikupatikana. Wa Kisumu alionyesha mchoro wake, sahihi. Wa pili alionyesha kazi yake, sahihi. Karakana ilionyesha faili iliyoikata, nayo ilikuwa ndiyo iliyokuwapo asubuhi ile.

Kikao cha kulitatua kilifanyika kwa video, kwani ilikuwa majira yale ya Machi 2021 kaunti tano zilipofungwa kwa sababu ya korona, Nakuru ikiwamo, na barabara yetu ya kwenda Nairobi inapita katikati ya Nakuru. Mapendekezo yote yalihusu vyombo: seva kubwa zaidi, programu ya bei ghali zaidi, mtaalamu kutoka nje. Ndipo mzee wetu wa karakana, ambaye mikutano ya video haimpendezi na ambaye alikuwa amekaa pembeni akila njugu, alipoomba nafasi.

"Injinia," akasema, "hilo jedwali lako linasema bati hili ni la unene gani?"

"Sufuri nukta nane, mzee."

Akachukua maikromita, akabana kipande cha bati mbele ya kamera, akanipa mimi nisome. Ilikuwa chini ya hapo, na si kwa unywele. Akabana kingine, cha shehena tofauti. Nacho kilikuwa na unene wake. Kisha akainua kona iliyokunjwa, akaonyesha mshono. Roli za mashine yetu zimelika kwa miaka, akasema, kwa hiyo zinameza milimita zaidi kuliko inavyosema katalogi ya mtengenezaji. "Mashine haikusoma katalogi, Injinia. Na nyinyi hamjawahi kuisoma mashine."

Kimya cha video ni kirefu kuliko kimya cha kawaida. Sikuwa nimewahi kulifikiria jambo hilo hivyo, japo nilipita mbele ya lile bati la ukutani kila siku. Tulikuwa tukibishana juu ya njia ya kuleta nakala ya Nairobi Eldoret kwa haraka na kwa usalama. Mzee alikuwa anauliza kwa nini nakala mama iko Nairobi hata kidogo. Tarakimu nyingi za hifadhidata ya utengenezaji hazizaliwi kwenye meza ya usanifu. Zinazaliwa pale chuma kinapokutana na roli, na zinabadilika roli zikichakaa, msambazaji akibadilika, fundi mpya akiingia.

Injinia wa Nairobi alipinga, na hoja yake haikuwa ya kijinga. Karakana, alisema, inajua kukata, lakini haijui kwa nini dakti ile inapaswa kuwa na upana ule. Ukiwaachia wao jedwali lote, watafanya kila kitu kiwe rahisi kukunjwa, na mgonjwa hatapata hewa. Nilimuunga mkono kwa nusu. Ndiyo maana tulichokubaliana hatimaye hakikumpa mtu ushindi kamili.

Nakala mama ikahamia Eldoret, kwenye seva iliyo ndani ya karakana. Nairobi na Kisumu wanapata nakala ya kusoma tu, inayotumwa usiku wakati mtandao hauna shughuli. Wanaweza kuifungua kwa kasi ya ofisini kwao, lakini hawawezi kuandika juu yake. Mwenye jambo la kubadilisha anaandika ombi: kipande gani, tarakimu gani, kwa sababu gani. Maombi ya unene, mshono, flenji na dakika za kazi yanapitishwa na mzee na mimi. Yanayogusa mwendo wa hewa na shinikizo yanapitishwa na injinia, na sisi hatuna ruhusa ya kuyagusa. Kila kazi ikishaidhinishwa na mteja hufungwa pamoja na toleo la hifadhidata lililokuwapo siku hiyo, na inaendelea kukatwa kwa toleo hilo hata jedwali likibadilika mara kumi. Hospitali ya Kisumu ingekuwa na kanuni hiyo moja tu, lori lisingerudi.

Programu mpya hatukununua. Hili liliwaudhi baadhi ya watu.

Tukaanza kuunganisha nakala tatu ziwe moja, na hapo ndipo nilipokutana na jambo ambalo sikulitarajia. Nilidhani tofauti zilizomo ni uzembe uliorundikana. Nyingine zilikuwa hivyo: kipande kilekile kikiwa na majina matatu na bei tatu. Lakini kwenye majedwali ya hewa, tofauti zilikuwa na mpangilio. Za Kisumu zilielemea upande mmoja, za Nairobi zilikwenda mbele zaidi, na chache tulizokuwa nazo Eldoret zilizidi zote. Nikampigia injinia simu usiku. Akacheka, akaniuliza, "Dada, Eldoret iko mita ngapi juu ya bahari?"

Mita 2,100 hivi. Nairobi iko karibu na 1,700. Kisumu, pale ziwani, 1,130 au zaidi kidogo. Majedwali tuliyoanza nayo yalitungwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Huku kwetu hewa ni nyepesi kwa takriban sehemu moja ya tano, ndiyo maana wakimbiaji wanakuja kujinoa hapa na Iten, na ndiyo maana feni inayotosha Mombasa haitoshi Eldoret. Hewa ndiyo mkokoteni wa joto. Mkokoteni ukiwa mdogo, safari zinaongezeka. Kuondoa joto lilelile ndani ya chumba kilekile, unahitaji kupitisha hewa nyingi zaidi kwa karibu robo. Kila ofisi ilikuwa imeligundua hilo kwa wakati wake na kurekebisha nakala yake kimyakimya, bila kuandika popote. Kwa hiyo injinia wa Nairobi akichora jengo la Eldoret, alichora kwa mwinuko wa dawati lake, wala si wa jengo.

Tungeziunganisha nakala kwa pupa, tungefuta marekebisho hayo tukijisifu kwamba tumesafisha. Badala yake mwinuko ukawa safu yake yenyewe, na unafuata anwani ya jengo. Ofisi aliyokaa mchoraji haihesabiki tena. Ninaiona hiyo kuwa kazi bora tuliyoifanya katika shughuli nzima, na haikuhitaji intaneti.

Mambo yaliyofuata nitayapitia haraka. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipopotea karibu nchi nzima, karakana ilisimama kama kila mtu, lakini ofisi zenye jenereta ziliendelea kuchora kwa nakala zao za usiku uliotangulia. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari kusini mwa Afrika, barua pepe na huduma zilizohifadhiwa ng'ambo zilikwama kwa siku kadhaa. Nakala zetu zilisafiri kama kawaida, kwa kuwa kutoka Eldoret kwenda Nairobi na Kisumu data yetu haina haja ya kuvuka bahari. Kuna wakati tulikuwa karibu sana kuiweka hifadhidata yote kwenye seva ya ughaibuni. Sisemi ni vibaya kwa kila mtu. Kwetu, wenye bati hapa na wateja hapa, ingekuwa kuagiza maji ya ziwa kupitia Ulaya.

Kilichobadilika kwangu binafsi ni mahali ninapokaa. Zamani meza yangu ilikuwa juu, kwenye chumba chenye zulia, nikishuka chini nikiitwa. Sasa iko chini, nyuma ya kioo, hatua chache kutoka kwenye mashine ya kukunja, na sauti yake ikibadilika nainua kichwa. Kila shehena mpya ikija tunaipima kabla haijapangwa, na kipimo kinaingia kwenye jedwali siku hiyohiyo. Mafundi vijana, ambao awali waliona kompyuta ni mambo ya wenye tai, wanaandika maombi yao wenyewe. Yana makosa ya tahajia na yana sababu nzuri. Mmoja aliandika kwamba dakika tulizompa kwa kona pana ni za mtu ambaye hajawahi kuibeba. Tulimpima kwa saa, tukaongeza dakika, na bei tunazompa mteja zikaanza kukaribia gharama tunayoilipa kweli.

Injinia wa Nairobi sasa huja huku mara kwa mara, na mzee humpa maikromita bila kuulizwa.

Jambo lililo mezani hivi sasa ni Mombasa. Tumefungua ofisi ndogo huko, na injinia wake ametaka nakala yake mwenyewe anayoweza kuiandika. Ana hoja: chumvi ya bahari inakula bati kwa namna ambayo sisi wa nyanda za juu hatuijui. Bati letu la kawaida ni la Z275, yaani gramu 275 za zinki kwa kila mita mraba kwa pande zote mbili, na yeye anadai kwa dakti zilizo nje, zinazoelekea baharini, hilo halitoshi. Anataka alumini. Mzee anasema alumini itamvunjia roli. Nakala hajapewa, amepewa safu, kama ile ya mwinuko, ya umbali kutoka baharini. Na vipande vya bati la namna mbalimbali, vilivyopimwa hapa na kuandikwa tarehe, vimefungwa juu ya paa la ofisi yake kuelekea bahari. Vitashushwa na kupimwa tena mvua za masika zikiisha. Mpaka hapo safu yake inasomeka "haijathibitishwa", na kila Jumatatu ananipigia simu kuniuliza kama hilo haliwezi kuandikwa kwa herufi ndogo zaidi, kwa sababu wateja wanaliona.